Nilivyonunua Programu ya Kuhariri Video ya Hina

Mie si fundi wa video, na sijawahi kujiita fundi. Nina duka dogo la vitambaa Temeke, nina nyumba Chanika yenye banda la kuku, na nina ugonjwa wa kurekodi. Kuku akitotoa, narekodi. Futari ikipangwa mkekani, narekodi kabla mtu hajagusa tambi. Halafu naketi na laptopu yangu, nakata, naunga, natia maneno chini, nawatumia ndugu kwenye kundi letu la simu. Mume wangu ananiitaga "mama kamera", na akiona nimenyanyua simu wakati wa kula anafunika sahani yake kwa mkono. Miaka yote hiyo nilitumia programu za bure, maana sikuona sababu ya kulipia kitu cha kujifurahisha tu. Ilipofika hina ya binti wa dada yangu ndipo mambo yakabadilika.

Dada yangu mkubwa anakaa Kipawa. Aliolewa mara ya pili binti yake akiwa bado anasoma shule ya msingi, na binti hakumtaka yule baba wa kambo hata kwa kulumangia. Akahamia kwangu Chanika, nikamlea mie. Kwa mama yake alikuwa anakwenda sikukuu: anambusu mkono, anakula, anaosha vyombo, anarudi. Hakukuwa na matusi wala kelele za kusikiwa na majirani. Lakini walikuwa hawakai pamoja zaidi ya muda wa kumaliza sahani ya biriani. Mama alimwona mtoto amemkimbia, mtoto alimwona mama amemwacha, na wote wawili wabishi, hakuna wa kuanza. Mie nilikaa katikati yao kama kizingiti cha mlango, kila mmoja ananikanyaga akipita.

Binti akapata mchumba, kijana wetu anayefanya kazi Muscat. Tarehe ikapangwa kufuatana na likizo yake, na likizo yenyewe ilikuwa fupi. Kabla ya tarehe kufika, yule mume wa dada akafariki. Dada akaingia eda: nguo nyeupe, hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Wazee wakakaa, wakasema nikaha isisogezwe, kijana hana likizo nyingine, lakini shughuli iwe ya kiasi. Hina ikahamishiwa kwangu Chanika, wanawake watupu, matari na makofi, bila maspika. Na mama wa bi harusi asiwepo.

Dada akanipigia simu. Alikuwa hapendagi kuniomba kitu, mie mdogo wake. Safari hii aliniambia, "Nirekodie, mdogo wangu. Yote. Nataka nimwone mwanangu akipakwa hina." Binti alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua mchele, na simu nilikuwa nimeiweka spika. Akasema bila kuinua uso, "Mwambie nitaenda tuiangalie wote kabla sijasafiri."

Roho iliniruka! Wale wawili waketi sehemu moja, saa nzima, waangalie kitu kimoja? Nilikuwa nimeliombea hilo tangu mtoto yule ana mikia miwili ya nywele. Nikajiambia, hata nikose vyote, hili silikosi. Na akishaolewa, akapanda ndege ya Ijumaa kwenda Muscat na mumewe, nani anajua watakaa tena lini.

Siku ya hina ukumbi wa kwangu ulijaa: majirani, mabinamu, wakwe watarajiwa. Wanawake wakavua mabuibui, wakavua mitandio, nywele zimesukwa, migongo wazi, harufu ya udi mpaka barabarani. Nikasimamisha simu yangu kwenye kile kiguu chake cha miguu mitatu. Shangazi yetu mkubwa, ambaye mdomo wake hauna mlango, akaniuliza mbele ya wote, "Hiyo kamera yako inaishia kwa nani?"

"Shangazi, inaishia kwa dada. Hakuna mwanamume atakayeiona hata robo yake. Nakula yamini."

"Na anayeitengeneza?"

"Naitengeneza mie."

Akanitazama, kisha akatupa mtandio wake kitini, akaingia katikati ya duara. Akina mama wakamfuata. Sijawahi kuwaona wanawake wa ukoo wetu wakicheza vile, hata wenye magoti mabovu. Walicheza kwa sababu ya lile neno langu.

Kesho yake ndipo nikagundua nimejifunga kamba gani. Programu yangu ya bure, nilipoiwekea video ndefu kuliko zile za kuku, ikagoma kutoa zaidi ya dakika chache, na hizo chache zikatoka na jina la kampuni jeupe, kubwa, limekatiza katikati ya nyuso za watu. Uso wa bi harusi umegawanyika na tangazo la watu. Nikachukia! Nikapakua nyingine ya bure ambayo watu wanaisifia haina chapa. Kweli haina, lakini ilikuwa nzito kuliko laptopu yangu. Kila nikibonyeza kitu, mashine inanguruma, inapata moto, halafu inazimika.

Mama mkwe wa binti akanipigia kwa upole wake wote. "Mama mdogo, unajitesa ya nini? Kwenye studio inayotupigia picha za harusi upande wa wanaume wapo vijana wazuri, wana adabu, ni kama wanetu. Wape wakuungie, iwe filamu moja."

Nikamwambia, "Mama, walio kama wanetu si wanetu. Shangazi alivua mtandio kwa yamini yangu." Akacheka, akasema haya, lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba ananiona mwenye kichwa kigumu. Ndivyo nilivyo. Sikatai.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta aliye mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Kijana mcheshi, anajua kazi yake. Nikamuuliza programu gani nzuri ya kulipia, isiyo ghali, inayomfaa mtu wa kujifurahisha. Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya hewa.

"Ulipie? Mama, nani analipiaga programu mjini hapa? Niachie laptopu mpaka jioni, nakuwekea ya mafundi wakubwa, imechakachuliwa, kila kitu ndani."

"Video zangu zimo humu."

"Si unazihamishia kwenye fleshi, unazifuta."

Nilikuwa karibu kukubali. Halafu akaongeza kwa majivuno, "Na usiogope kupotelewa. Hata ulichofuta mwaka jana mie nakirudisha." Alaa! Nikaibeba laptopu yangu, nikaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, nikamwambia asante baba, nitarudi. Sikurudi. Hakufanya kosa lolote, maskini, alikuwa anajisifia ufundi. Mie ndiye niliyekuwa na mzigo usioachwa kwa mtu.

Basi nikaamua. Nitalipia. Kama watu wanalipia maji, wanalipia king'amuzi, mie nitalipia programu, na nitaichagua mwenyewe. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla sijaondoka kwenda dukani, nilikaa sebuleni na kikombe cha chai ya tangawizi nikajaribu moja baada ya nyingine. Karibu zote zina muda wa kujaribu bure. Na kwa kuwa mie si zoba, sikuweka video ya hina humo. Niliweka kuku.

Na nashukuru niliweka kuku. Programu ya kwanza ilikuwa ya kulipia kila mwezi, nyepesi, nzuri, rangi zake zinapendeza. Nikakata, nikaunga, nikafurahi. Katikati ya furaha ujumbe ukaingia kwenye simu: bando limekwisha. Bando la wiki, limekwisha kabla chai haijapoa! Nikatazama vizuri, nikaona alama ndogo ya wingu pembeni, na kamstari kanakojaa polepole. Kuku wangu wote walikuwa wanapanda mtandaoni, wanakwenda kuhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni, nchi gani sijui. Mume wangu akapita na mswaki mdomoni, akauliza mbona nimeshika kichwa.

"Jogoo wako yuko Ulaya," nikamwambia.

Alicheka mpaka akapaliwa na dawa ya meno. Mie sikucheka. Nilimfikiria shangazi, mgongo wazi, yuko huko huko aliko jogoo. Nikaifuta ile programu, nikazima na kompyuta yenyewe kwa hasira.

Ya pili haikupandisha kitu. Kila kitu kinabaki kwenye mashine yangu, nilihakikisha: nilizima intaneti na bado ikafanya kazi. Malipo yake ya mwaka ni madogo, na ilikuwa na ufundi mmoja uliowavutia wengi waliokuwa wanaisifia: unaiwekea video zako zote, inazisikiliza yenyewe, inaondoa kila sehemu ambayo hakuna sauti, inaunganisha zilizobaki. Kazi ya wiki inafanyika asubuhi moja. Nikaona nimepata. Safari hii nikathubutu, nikaiwekea hina yote, nikaenda kulisha kuku, niliporudi nikakuta imemaliza.

Nikaketi kuangalia. Matari, vigelegele, shangazi, mikono ya binti inachorwa. Safi kabisa. Halafu, kuelekea mwisho, kikatokea kipande nisichokijua. Ukumbi umekuwa mtupu, vikombe vimetapakaa mkekani. Binti peke yake, na hina yake mikononi, anakuja anaketi mbele ya simu. Nikakumbuka kwamba wakati ule tulikuwa wote uani tunapakua chakula, na simu nilikuwa sijaizima.

Akasema, "Mama." Kisha akasema, "Mama, nimekununia miaka mingi. Nilikuwa mtoto. Mzee yule hakuwahi kunifanyia baya, nilikuwa nakuonea wivu tu. Niwie radhi, mama." Na papo hapo, paa! akawa amesimama, anaondoka, picha imekwisha.

Chai ilinipoa mkononi. Nililia, sitaki kusema uongo, nililia mpaka kuku wakanyamaza. Lakini nilipokwisha kulia kitu kikanikera. Yule mtoto nimemlea mie. Hasemi neno zito kama lile halafu akaruka kama aliyekalia moto. Nikaenda kwenye simu, nikafungua video yenyewe kama ilivyorekodiwa.

Katika video yenyewe, baada ya kusema niwie radhi, hakuinuka. Alikaa. Aliitazama kamera, hasemi, macho yamejaa, mikono ameiinua ili hina isiharibike. Alikaa vile muda mrefu, kimya, ndipo akasimama. Na kabla ya neno la kwanza, na kati ya neno na neno, mote mlikuwa na kimya kama hicho. Programu ilikuwa imekitupa chote. Iliona hakuna sauti, ikaona hakuna kitu.

Nikatafuta mahali pa kuizuia. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Kumbe kwenye malipo yale madogo huna ruhusa ya kuigusa ile kazi yake ya kukata. Ukitaka kukata kwa mkono wako, ulipie daraja la juu, na daraja la juu bei yake kila mwaka ni ya mtu anayeishi kwa video. Nikaizomea kompyuta kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku zilikuwa zinakwisha, na mie bado sina kitu cha kumpelekea dada.

Lakini sasa nilijua ninachotafuta. Mwanzoni nilikuwa natafuta cha bei rahisi, kisha nikatafuta kisichopandisha siri za watu mtandaoni. Sasa nilitaka kinachoniacha nikate mie mwenyewe na kisiguse nilipoacha. Nikaipata ya tatu. Sura yake ya kizamani, vitufe vidogo kama punje za mtama, haina ufundi wowote wa kujiendesha. Unainunua mara moja, ni yako, haikudai tena mwakani. Haitaki intaneti. Laptopu yangu ikaibeba bila kunguruma. Bei yake, kwa mkupuo mmoja, ilinifanya nifumbe macho. Nilikuwa na pesa niliyoiweka ya kuezeka upya banda la kuku kabla ya masika.

Nikamwambia mume wangu. Akatazama banda, akanitazama mie. "Kwa hiyo kuku wanyeshewe kwa ajili ya video?"

"Wanyeshewe."

Akakuna kidevu. Akasema, "Basi nitawatafutia turubai." Nilimpenda mtu yule asubuhi hiyo kuliko siku aliyonioa.

Kulipa nako kulikuwa na mambo yake. Nilifungua kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikaitia pesa, nikaandika tarakimu zote, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Nikampigia mtu wa huduma kwa wateja, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba thamani ya dola imepanda kidogo tangu nilipopiga hesabu, pesa imepungua kidogo. Nikaongezea mauzo ya siku ile ya vitambaa vya madirisha, nikabonyeza, na kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakaandika kwamba nimekubaliwa. Nikapiga kigelegele peke yangu dukani. Mteja aliyekuwa anapima kitambaa akaniuliza nani kaolewa.

Nikaha ilishapita, binti bado yuko kwangu akingoja safari, nami nilihariri asubuhi zote zilizobaki. Shangazi nilimwacha acheze mpaka achoke mwenyewe. Mikono ikichorwa sikuiharakisha. Na kipande kile cha mwisho sikukigusa. Nilikiweka kama kilivyo, na kimya chake chote. Sikumwambia binti kwamba nimekiona, na yeye hakuniuliza kama nimekiona. Alikuwa ananipitia nyuma ya kiti anaelekea jikoni, anatembea polepole zaidi ya kawaida, nami najifanya nashughulika na vitufe.

Alhamisi baada ya alasiri tukaenda Kipawa, mie na yeye. Nilizungusha kompyuta mbele ya kitanda cha dada, nikafunga pazia. Dada alikuwa amekaa na khanga yake nyeupe, amekonda. Binti akambusu mkono, akaketi kitandani, lakini mwisho wa kitanda, upande wa miguuni. Kabla sijabonyeza, mlango ukafunguliwa, shangazi huyo.

"Mtu yuko eda, nyie mnamwekea ngoma?"

"Shikamoo shangazi," dada akasema. "Nimefiwa na mume, sijafiwa na mtoto. Kaa hapo uangalie." Shangazi akasema marahaba, akakaa, na alipojiona anacheza kwenye kioo cha kompyuta akasahau kilichomleta.

Dada alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Akawa anauliza yule nani, na hii hina kachora nani, na binti anajibu, na kila akijibu anasogea kidogo ili aonyeshe kwa kidole. Ndege moja ikapita chini chini kuelekea uwanjani, madirisha yakatetemeka, nikasimamisha video mpaka ikapita. Kisha nikaiachia, na kipande kile kikaanza.

Binti akaangalia chini. Mie nikaangalia ukuta. Sauti yake ikatoka kwenye kompyuta, ikasema yote, na mwisho ikasema, "Niwie radhi, mama." Kisha ikaja ile sehemu isiyo na sauti. Bi harusi kwenye kioo amekaa, mikono juu, anatazama.

Dada yangu akajibu. Hakumgeukia aliye pembeni yake. Alimjibu yule wa kwenye kioo, kama watu wawili wanaoongea kwa simu. "Nimekuridhia, mwanangu. Nimekuridhia duniani na akhera. Na wewe niwie radhi, nilikuacha uende na sikukufuata." Alisema polepole, akanyamaza, akapumua. Na kimya kile cha kwenye video kilimtosha, hakuna aliyemkatiza.

Alipomaliza, mtoto wa kwenye kioo akaitikia kwa kichwa, kama aliyesikia. Nilikuwa nimekuona kuitikia kule mara nyingi nikihariri, nikadhani anajipa moyo tu kabla ya kusimama. Dada akashika mdomo. Yule wa kitandani, aliye hai, akatambaa kutoka miguuni mpaka alipofika kifuani kwa mama yake, na shangazi akavuta mtandio wake akafunika uso wake mwenyewe.

Video ikafika mwisho, kioo kikawa cheusi. Sikuinuka kuizima.